Mkasi ya Kondoo

Dada Nasimiyu,
Tangu bibi yangu, mama ya watoto, afe, unajua nilitoka nyumbani sijanyolewa kichwa, kwa sababu tulikosa mwanaume mwingine aliyefiwa na bibi wa kuninyoa, vile desturi yetu inataka. Jana chuo ya ukulima ilituleta Kitale na lori, tuone kondoo wakikatwa manyoya. Chakula ikakuja, nikakaa mbali na wenzangu wa darasa. Mzee mkata manyoya akauliza, "Wewe unaringa?" Nikamwambia nimefiwa na sijanyolewa, siwezi kula na watu wala kushika watoto wangu. Akasema, "Hata mimi bibi alikufa. Leta kichwa." Akaninyoa na mkasi ya kondoo. Wenzangu wakacheka, "Si huyu kondoo amezeeka, bana! Nani atanunua hii manyoya?" Kisha tukakula ugali sahani moja. Sasa naweza kushika watoto wangu. Asante kuwalisha. Uwalete nyumbani Naitiri Jumapili. Kesho narudi chuoni.