Sanduku la Mama Aliye Hai

Dada yangu Mbithe,

Habari za huko nyumbani? Natumaini u mzima, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua. Mimi sijambo hapa mtaani Jericho, nakula, nalala, na kazi bado ninayo. Nasema bado kwa sababu imeponea chupuchupu, na kama ingepotea, wewe uliyenitetea kwa baba nije kufanya kazi mjini ungekosa pa kuficha uso.

Unajua duka letu linatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Siku hizi wateja wengine wana peja, kile kidude cha mkandani kinacholia na kuonyesha maneno machache. Nilimshauri tajiri wangu, Mzee Kilonzo, tuwape wateja habari kwa njia hiyo. Akakubali, mradi nifupishe. Basi nikampigia simu opereta wa peja, yule anayetuma ujumbe, nikamsomea: "Sanduku lako liko tayari. Njoo ulichukue." Jina la duka sikutaja. Nilijiona mjanja kweli.

Mteja mmoja ni Baba Nekesa, msimamizi wa kiwanda kule Baba Dogo, mtu wa mkoa wa Magharibi. Mama yake alikuwa amelazwa. Kwao ukisema sanduku peke yake, bila kuongeza la shule, watu wanaelewa lile la kuzikia. Aliposoma ujumbe akaacha kazi, akakimbilia hospitali akilia. Akamkuta mama anakunywa uji.

Ndipo akakumbuka sanduku la shule aliloagiza, akaja kwetu. "Nani ameniandikia nichukue sanduku?"

Nikasema ni mimi.

"Mama yangu ako hai. Unasikia? Ako hai."

Niliona aibu. Alipoondoka, Mzee Kilonzo akaniambia, "Watu wa kanisa lake ndio wateja wetu shule zikifunguliwa. Wakituhama, na wewe ufunge virago."

Radhi haiombwi kwa peja. Nilikwenda hospitalini mwenyewe na machungwa, nikamweleza yule mama yote. Alinisikiliza, akafumba macho, nami nikaondoka.

Sasa kila ujumbe unaanza na jina la duka, kisha la mteja, na sanduku naliita la shule. Asiyetaka kuandikiwa simwandikii, na saa za ibada simsumbui mtu. Mzee analalamika kwamba maneno ni mengi. Namwacha alalamike, njia yangu ndiyo sawa na wateja watarudi.

Nisalimie baba, mjomba wetu fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, mwambie asipandishe sauti sana.

Mdogo wako akupendaye,
Nduku

Dada, nimeifungua bahasha tena. Mchana huu mama yake Baba Nekesa ameingia dukani kwa miguu yake, na nyuma yake wanawake wa kanisa wanaotafutia wajukuu masanduku. Akayapitia yote polepole, akagonga kifuniko cha moja.

"Hii ni yangu," akasema. "Nitaweka nguo za kanisa. Sasa chukua rangi, andika jina langu hapo juu, kubwa, nikisimama hapa nikiangalia."

Nimeliandika.