Namba Anayo Mama Zainabu

Jumanne, Mpumudde

Mgongo unauma kwa kubeba magunia, lakini bado nacheka peke yangu.

Mchana nilipokuwa nakula simu iliita. Sauti ya heshima: "Mzee, hapa ni ofisi ya simu. Laini yako inafungwa leo. Nitajie namba ya siri tuokoe pesa yako."

Niliogopa kweli. Pesa yote ya mabati ya nyumba yetu kule Mbale iko humo.

"Afande, namba anayo mke wangu."

Mwaka jana nilimtajia wakala namba kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mama Zainabu akaibadilisha na kuificha. Tangu hapo natoa pesa nikienda nyumbani tu.

"Bwana, wewe ni mwanaume gani?" akafoka yule wa simu.

"Mpigie mwenyewe." Nikampa namba ya simu ya mke wangu.

Jioni mke wangu akapiga. "Baba Zainabu, mwizi wako nimemuuliza kama mama yake anaijua kazi yake. Amekata."

Kumbe mwizi. Ningeijua ile namba, ningeitaja yote, na asante juu.

Akaniuliza kama sasa nataka kuambiwa hiyo namba ya siri. Nikamwambia hapana, akae nayo.