Mama Hataki Kuhama, na Mvua Imetangazwa

Alhamisi jioni, mwezi wa tano. Dundori.

Mbingu iko safi, na hiyo ndiyo inaninyima raha. Hakuna wingu, hakuna upepo, baridi tu ya huku juu inayoingia kwa mikono ya sweta. Nimejaribu kukaa nimeshindwa. Haya naandika nimesimama kando ya dirisha, simu mkononi, kila baada ya sentensi natazama nje.

Siko kwangu, mtaa wa Rhonda mjini. Niko jikoni kwa Mama Chege, jirani wa mama yangu. Mama naye yuko hapa, na tangu tufike ameninunia.

Wacha nianzie asubuhi.

Mimi husoma habari kwenye kituo kidogo cha redio pale Nakuru mjini, na baada ya habari nasoma hali ya hewa. Sitabiri mimi. Naletewa na watabiri, nasoma. Lakini kwenye ploti yetu, pale ninapopanga, hakuna anayejali tofauti hiyo. Jirani akitaka kufua ananigongea mlango: "Madam, leo aje? Nianike ama niwache?" Kana kwamba ule mfereji wa juu naufungua mimi.

Leo nililetewa hivi: Mvua kubwa katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, kuanzia usiku wa leo hadi Jumatatu. Ardhi imeshiba maji tayari, huenda ikaporomoka. Wanaoishi kwenye miteremko wahamie mahali salama.

Nilisoma kwa ile sauti yangu nzuri ya kazi, bila kukwama. Nikaweka wimbo. Kisha nikatoka nikasimama kwenye ngazi.

Mmoja wa miteremko hiyo ni wetu.

Jumapili iliyopita nilipomsindikiza Mama kutoka kanisani, niliona mpasuko kwenye shamba la viazi, juu kidogo ya nyumba. Umekata matuta kwa upana, kiatu changu kinaingia. Bonde la Ufa, tunalitamka kila siku kama jina la mtu, hatufikirii linasema nini. Mama aliuruka ule mpasuko akaendelea kung'oa magugu upande wa pili.

Nilimpigia nikiwa bado kwenye ngazi.

"Mama, umesikiza redio?"

"Nimesikiza. Leo umesoma vizuri, hata hukukohoa."

"Na umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Hao watu wa miteremko wahame, maskini."

Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa nikapanda Dundori. Nilimkuta Mama akimkatia Karembo majani. Karembo ni ng'ombe wake, ana mimba kubwa, wakati wowote atazaa. Nilianza kuongea kabla hata ya kusalimia vizuri. Mama akaniacha niseme yote, panga likiendelea kukata.

"Wangari, mimi niliolewa hapa. Baba yako tulimzika hapa. Mvua zote zimenipata hapa."

Nikatoa simu nikamwonyesha ile ramani yenye rangi. Akaisogeza mbali na macho, akaikazia.

"Hii nyekundu ndio nyumba yangu?"

"Ni eneo lote, Mama. Mpaka Nakuru."

"Basi hata wewe uko ndani ya nyekundu. Umehama?"

Nilizunguka nyumba, nikapanda hadi kwenye mpasuko, nikashuka. Nilirudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi, na kadiri nilivyopaza ndivyo alivyozidi kutulia. Mwishowe, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Na nikienda, Karembo nimwachie nani?"

Hilo ndilo lililokuwa linamshikilia! Sijui mbona sikuliona mapema.

Nilikimbia hadi kwa Mama Chege, huku juu kwenye tambarare, mbali na mteremko. Nikamweleza nikihema. "Kibanda kiko na nafasi," akasema. "Mlete. Wote waje." Nikarudi, nikafungua kamba, nikaanza kumvuta ng'ombe.

"Haiya! Wangari! Unaniibia ng'ombe mchana?"

Sikugeuka. Njia ilikuwa matope ya wiki nzima, Karembo anapanda polepole na tumbo lake, mimi nateleza mbele na viatu vya mjini. Nyuma nilimsikia Mama akigombana, kwanza na mimi, kisha na Mungu aliyempa mtoto kama mimi, kisha na yule ng'ombe kwa kukubali kufuata mtu yeyote. Lakini sauti haikubaki nyuma. Nilipofika langoni kwa Mama Chege nikageuka, nikamwona anakuja, ndoo ya kukamulia mkononi.

Nilidhani nimeshinda.

Halafu jua likatoka. Jua zuri la jioni, mashamba yote yanang'aa hadi kule chini ziwani. Mama alisimama mlangoni akalitazama, akanitazama mimi, akavuta gambuti zake na kuanza kuzivaa.

"Mama, ngoja, wametoa ripoti nyingine, wanasema..."

"Wacha hao. Hao hawanijui. Wewe, Wangari, wewe mwenyewe, unasema nini?"

Miaka yote hii mdomo wangu umezoea kusema ya wengine. Yangu yalikaa hapa kifuani, yamegoma kupanda.

"Naogopa, Mama," nikasema. "Nikifunga macho naona ule udongo wote uko juu ya kitanda chako. Na wewe uko chini yake."

Gambuti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Sasa si ungesema hivyo asubuhi," akasema.

Akaivua. Akaziegemeza zote mbili ukutani.

"Jumatatu narudi kwangu."

"Jumatatu, Mama."

Basi ndivyo tulivyofika hapa. Tangu hapo nimetoka nje mara sijui ngapi kutazama juu. Nyota zinaanza kuonekana, moja moja, safi kabisa. Mama na Mama Chege wanamenya viazi, na kununa kule kumepungua kidogo kwa sababu amepata wa kunicheka naye. "Huyu mtu wa redio," namsikia akisema, "mvua yake labda imepitia Nyahururu kwanza."

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Kuna dakika natamani inyeshe. Inyeshe sana, ipige mabati mpaka tushindwe kusikilizana, ili Mama asije akasema nilimkokota bure, ili kesho ploti nzima isinione mwongo. Kisha nakumbuka inakonyeshea. Nakumbuka viazi alivyovipanda mwenyewe, picha ya Baba pale ukutani, kuta alizosiriba kwa mikono yake. Mtu wa aina gani huombea nyumba ya mama yake iporomoke ili yeye aonekane alisema kweli?

Mimi, inaonekana. Kwa dakika moja moja.

Nimetoka tena. Bado hakuna kitu.

Kesho nitashuka mapema niwahi habari za asubuhi. Nikifika kwenye ile sentensi ya watu wa miteremko nitasoma kama nilivyoletewa, halafu nitaongeza yangu, na mkubwa akitaka kunigombeza anigombeze. Nitawaambia mama yangu ameshahama. Nitawaambia naogopa.

Na wewe Mungu, kama bado hujaamua, wacha hizo nyota hapo zilipo. Nifanye mwongo mbele ya Nakuru yote mpaka Jumatatu.