Yule Aliyemo Kichwani mwa Mseti

Jumatano, 4 Septemba 1974

Leo Mseti ameosha vyombo. Mume wangu, Mkurya mzima, kachuchumaa nje mbele za watu anasugua sufuria kwa majivu! Wanawake wa mstari wa pili wamepita mara mbili mbili kuhakikisha. Kijiji hiki kipya nyumba zimepangwa mstari, huwezi kuficha hata kikohozi.

Wiki ya sita hii tangu boriti impige. Mgambo walipokuja kubomoa nyumba zetu kule mlimani ili tuhamie huku, aligoma kutoka. Wakabomoa naye yumo ndani. Siku tisa hakufumbua macho. Alipofumbua akanisalimia, dada, habari za hapa?

Hanijui. Hajui kama ana mke, wala watoto, nao nimewapeleka kwa dada yangu Ikoma mpaka hapa patulie. Leo ameona kovu mkononi mwangu, akauliza ni mnyama gani amenifanyia hivi. Nikasema nilianguka. Ningesemaje? Ni wewe, kwa fimbo ya ng'ombe, mwaka juzi?

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nimembana katekista Simioni. Kasema mwili ni nguo tu, roho ndiyo mtu, na roho haipigwi na boriti. Mseti yuko mzima kabisa humo ndani, ni nguo tu iliyochanika. Nisubiri, niombe.

Nimerudi nyumbani nalirudia neno lake. Mzima kabisa — basi yule wa fimbo yumo. Ananitazama kupitia macho ya huyu mpole, anangoja siku yake. Na huyu anayenimenyea viazi ni nani? Nguo inamenya viazi? Simioni anapenda sana kusema subiri. Si yeye anayelala humu.

Jumanne, 10 Septemba

Kichwa kimemuuma tangu alfajiri, anatapika. Tumekwenda zahanati. Benedicto, mganga wa pale, hakuzunguka. Anasema hakuna mtu ndani ya mtu. Akili, hasira, huruma, kumbukumbu, vyote ni kazi ya ubongo, na ubongo ni nyama. Nyama ikiumia mtu anabadilika, basi, hakuna aliyejificha mahali. Nikamwuliza, kwa hiyo yule niliyefunga naye ndoa amekufa? Akakuna kidevu. Akasema huenda damu imeganda, ilitakiwa apelekwe hospitali kubwa, ila malori yote yako kwenye operesheni, yanahamisha watu. Akatupa aspirini.

Nilitaka kufurahi. Kama yule amekufa, mimi niko huru, nina mwanamume mwema ndani ya ngozi ileile. Badala yake nimelia njia nzima, naye ananifuta machozi bila kujua ninamlilia nani. Miaka kumi na mmoja. Kuna siku pia tulicheka. Huyu hana hata moja ya siku hizo, nimebaki nazo peke yangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama mkwe, Bhoke, hana habari na Simioni wala Benedicto. Kwake jambo ni rahisi: walituhamisha haraka mno, mwili wa mwanawe ukapakiwa kwenye lori, mwenyewe akaachwa kule. Basi twende tukamwite. Tumetembea mpaka mahameni kwetu mlimani, saa tatu kwa miguu, Mseti kashika kichwa. Mama akasimama lilipokuwa lango la zizi akamwita kwa jina. Mseti, mura wane, kijana wangu, twende nyumbani. Akaita mara nne. Upepo tu na majivu. Mara ya tano Mseti aliyesimama karibu yangu akaitikia, ndiyo mama. Mama mkwe amelia kwa furaha mpaka tumefika.

Nikamvuta pembeni: umekumbuka? Akasema hapana dada, ila bibi wa watu alikuwa anaita na hakuna anayemwitikia.

Jumatatu, 16 Septemba

Ameanguka kifafa mara tatu tangu jana. Mama kaleta mzee Nyangwine kutoka upande wa Kerende, mmoja wa wale wanaopasua vichwa vya watu waliopigwa rungu. Amepapasa fuvu kwa vidole, taratibu, amefumba macho. Mfupa umezama, unabonyeza ndani. Usipoinuliwa hafiki Jumapili.

Nikamwuliza, mzee, akipona atakuwa nani — wa zamani au huyu? Akasema amepasua wengi. Mmoja alirudi na ukali wake wote. Mwingine alisahau hata kula. Yeye anainua mfupa tu. Mama mkwe akadakia: anataka mwanawe mwenyewe, hata kama anapiga. Kasema hivyo mbele yangu, ananiangalia usoni.

Dawa ya usingizi hakuna. Lazima mgonjwa mwenyewe alale tuli, na Mseti hamsikilizi mtu ila mimi. Kwa hiyo ni mimi. Nikinyamaza anakufa akiwa mpole. Nikimwambia lala, huenda ninamfufua yule. Mungu anisamehe, nimekaa na wazo la kunyamaza mchana kutwa.

Jioni nikamwambia ukweli wote, hata wa fimbo. Halafu akasema, kama mtu huyo yumo humu, waambie wasifungue.

Jumatano, 18 Septemba

Wamefungua. Leo asubuhi alikuwa anagonga kichwa ukutani kwa maumivu, nikashindwa kumwangalia. Nikamwambia lala. Akalala.

Nyuma ya nyumba, juu ya majani ya mgomba. Benedicto alikuja akachemsha visu. Mimi nilishika mashavu yake. Nyangwine akakwangua mfupa kidogo kidogo, sauti ile sitaisahau. Kisha akauinua. Nikauona ubongo. Unapwita. Nikatafuta kwa macho — mjinga mimi — kama nitamwona mmoja wao. Damu nyeusi tu na nyama.

Hakupiga kelele. Mwishoni akasema asante dada, akalala.

Ijumaa, 20 Septemba

Nilikuwa naingia na uji. Nikamkuta amekaa. Akasema, Philomena.

Siyo dada. Jina langu, kwa sauti ile nzito ambayo sijaisikia tangu Julai. Alitaka kusema nini tena sijui, sura yake sikuiona. Nilipokuja kujijua nimejikunja kwenye kona, mikono juu ya kichwa, uji wote chini. Sikuwa nimeamua kuogopa. Mwili uliogopa kwanza, mimi nikapata habari baadaye.

Sasa niko nyuma ya ghala, naandika. Anaita tena. Si kwa ukali. Si kwa upole pia. Anaita tu. Mama mkwe anapiga vigelegele uani, mwanangu amerudi, amerudi, halafu amekuja hapa kuniambia niende, mume wangu ananiita, mgonjwa wa kitandani namwogopea nini?

Huenda anataka maji. Huenda amekumbuka yote na anataka kuniomba radhi. Hiyo ni mara ya tatu anaita. Naiambia miguu, haya, twende. Nimeiambia mara mbili. Bado nimekaa.