Kipima Hewa Kililala, Mama Hakukuua

Kulwa, pacha wangu,

Nimekasirika, na sina wa kumwambia ila wewe. Mwenye duara, shimo lile la mgodi ulilokuwa ukichimba, alisimama msibani kwako, kofia mkononi, akasema duara lilikukataa kwa sababu mama hakutufanyia mila za mapacha tulipozaliwa. Mbele ya kaburi bichi, Kulwa! Wazee wakaitikia kwa vichwa. Tangu siku hiyo mama hali, hasemi, anaamini amekuua yeye.

Nikaenda machimboni Kharumwa kuichukua ile kompyuta ndogo iliyokuwa ikipima hewa ya duara lenu. Unakumbuka nilipoifunga? Ulinishikia waya wa USB wa kipima hewa huku ukicheka, "Doto, hiki kidude ni mke wa pili, kitanipigia kelele nikichelewa kutoka." Nilikuwa nimezima usingizi wa USB, ule wa kulaza kifaa kikikaa bila kazi ili kubana umeme, kwenye kerneli, kule ndani kabisa kompyuta inakoamuru vifaa vyake, maana kipima hewa kile kikilazwa hakiamki. Nikamwambia mwenye duara kwa mdomo wangu: hapa usiguse.

Akagusa! Ati betri ya sola haifiki jioni ikiendesha na redio yake, kwa hiyo alimwita fundi arudishe kubana umeme. Kaniambia mwenyewe, bila haya. Kipima hewa kikakaa kimya kidogo, USB ikakilaza. Moshi wa injini ya pampu ya maji ukajaa huko chini, ukakuua, na juu kioo cha kompyuta kinaonyesha bado kipimo cha asubuhi: HEWA SAFI.

Jana niliwaita wazee wale wale nyumbani, na yeye pia. Nikaiwasha kompyuta kama alivyoiacha, nikangoja kifaa kilale, kisha nikakitia kwenye pipa lenye jiko la mkaa. Sote tunakohoa pale uani, kioo kinasema hewa safi! Nikazima ule usingizi kwenye kerneli, nikawasha upya, nikakirudisha pipani. King'ora kikalia mpaka kuku wakatawanyika.

Mwenye duara akasema, "Basi, ni mipango ya Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu hakuomba redio. Wazee wakanikemea kwa kumjibu mkubwa hivyo. Sikuomba radhi, na siombi.

Lakini mama, Kulwa. Aliinuka kwenye mkeka, akasogea mpaka kwenye pipa, akauliza polepole, "Sauti hii, mwanangu aliisikia?" Nikamwambia hapana, mama, haikulia. Akaketi chini pale pale, akakulilia kwa sauti, ndiyo mara ya kwanza. Baadaye akaomba uji.

Pumzika, ndugu yangu. Kesho narudi machimboni. Kila duara lenye mashine kama ile nitazima usingizi huo kwa mkono wangu, na atakayeuwasha atanikuta mlangoni kwake. Na nikiwa hai, hakuna atakayemwambia tena mama yetu kwamba alikuua.

Doto wako