Ufa Nilioupaka Penseli

Jumatano, 5 Februari

Vidonge vitatu. Kimoja cha kupunguza maji. Miguu imevimba hivi kwamba alama ya soksi haiondoki. Uji nusu kikombe.

Rukia yuko uani anaizungusha droni yake mikononi kama anayepepeta mchele. Kila baada ya apdeti ya programu yake lazima aifundishe upya kaskazini iko wapi. Hii ni ya tatu tangu mwaka uanze. "Baba mkubwa, kidude hiki kina masharti kuliko mganga," kaniambia kupitia dirisha. Nilicheka. Halafu nikaacha.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Jumapili, Rukia alipokwenda sokoni, niliishusha droni kutoka juu ya kabati. Alikuwa amenikataza. Alisema tutairusha pamoja akipata nafasi. Rukia ni binti wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu darasa la pili, na anaishi kwa kupiga picha za harusi. Mimi nilikuwa mpima ardhi miaka thelathini na moja. Msitu wa Pugu nimeupima kwa miguu, chombo cha chuma begani. Nilitaka kukiona kitu kinachopima bila kutembea. Nikaiwasha uani, ikainuka usawa wa kifua, ikaenda upande yenyewe, ikagonga ukuta, ikaangukia ukingo wa mfereji. Mkono wake mmoja, ule unaobeba mota na propela, ukapata ufa. Plastiki yake nyembamba kama ya jagi.

Niliubandika kwa gundi ya miwani yangu. Nikausugua, nikapaka unga wa penseli ya kuchorea ramani mpaka rangi ikalingana. Nikairudisha juu ya kabati. Kazi safi. Linaloniaibisha zaidi ni hilo, kwamba niliitazama kazi yangu nikaridhika.

Ijumaa, 7 Februari

Rukia kaenda kuijaribu Pugu. Kwa rafiki yake anayekaa Kipawa haikubali hata kuinuka, kwa sababu ya uwanja wa ndege. Pugu imeruka dakika ishirini. Anasema imetulia. Nikajiambia gundi imeshika.

Kesho ana harusi Tandika. Yuko chumba cha pili, anachaji betri, anaimba. Hatua sita kutoka kitandani kwangu. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Februari

Imeanguka. Imemuumiza mtu. Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Februari

Nimeyasikia yote kwa Rukia, vipande vipande, huku analia.

Bibi harusi alikuwa bado garini. Rukia akawasha droni ili impige picha akishuka. Rimoti ikagoma: lazima apdeti kwanza, hairuki bila hiyo. Nyingine tena! Kifurushi cha Rukia kikaisha katikati, akaomba intaneti kwenye simu ya ndugu wa bwana harusi. Bibi harusi kasubiri kwenye joto karibu nusu saa, wanawake wakipiga vigelegele vya kukejeli. Mwisho ikakubali. Ikaruka dakika nne. Rimoti ikaandika hitilafu ya mota, na droni ikaja chini kama jiwe, mkono mmoja umevunjika, propela zingine bado zinazunguka.

Imemkata Bi Zuhura. Shangazi yake bwana harusi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, muuza chapati. Kutoka juu ya nyusi hadi shavuni. Jicho la kushoto limefungwa bandeji. Daktari hajasema kama litaona.

Rukia anailaumu apdeti. Kila aliyekuwepo anailaumu apdeti, maana waliiona kwa macho yao. Na mimi nimeitikia. Nilisema, "Hivi vitu haviaminiki." Mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Shirima amekuja. Ndiye aliyemuuzia Rukia droni, ana duka dogo Kariakoo. Mtu mpole, amekuja na matunda. Jumapili Rukia alirekodi sauti akaituma kwenye kundi la wapiga picha: Shirima anauza kopi badala ya droni halisi, apdeti moja inaangusha droni juu ya vichwa vya watu. Sauti hiyo imezunguka mji. Wateja wanamrudishia bidhaa. Mmoja kamwita muuaji mbele ya duka lake.

Waligombana sebuleni, mimi nikiwa kwenye kochi na mto mgongoni.

"Dada, mie nauza hizi mwaka wa sita," Shirima alisema. "Apdeti zinachosha, sikatai. Zinagandisha, zinafuta dira, zinakuja siku una kazi. Lakini apdeti haivunji mkono."

"Sasa kauvunja nani? Jini?"

"Nionyeshe huo mkono basi."

"Ukaufiche? Haondoki mtu na kitu hapa."

Halafu wote wawili wakageuka kunitazama. Rukia ndiye aliyesema. Baba mkubwa ni mtu wa vipimo, amesoma, hampendelei mtu. Aichunguze yeye, aandike. Shirima akakubali papo hapo, hata akashukuru. Mwenyekiti wa mtaa amepigiwa simu: kikao Jumatatu, hapa nyumbani, kwa kuwa mimi siwezi kutembea. Maandishi yangu ndiyo yatakayosomwa.

Moyo ulinienda mbio mpaka Rukia akanipimia presha. Alidhani ni ugonjwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeiweka mezani. Miwani puani, kioo cha kukuzia mkononi.

Mkono umevunjika palepale. Gundi yangu inaonekana pembeni, utepe mweupe mwembamba. Penseli bado inang'aa. Aliyewahi kushika penseli ya ramani angeitambua. Katika nyumba hii ni mimi tu.

Nimeandika sentensi nne. Apdeti ilifanyika dakika chache kabla ya ajali. Rimoti ilionyesha hitilafu ya mota. Plastiki ya mikono ni nyembamba kuliko inavyopaswa. Mkono mmoja ulivunjika chombo kikiwa angani. Hakuna hata moja iliyo uongo. Ukizisoma pamoja ni uongo mtupu.

Nikatia sahihi. Kisha nikachukua kisu kidogo nikaikwangua gundi.

Miaka thelathini na moja sikuhamisha jiwe la mpaka la mtu. Waliniletea vishawishi, nikawafukuza. Leo nimelihamisha, na hakuna aliyenishawishi.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala watu walikuja kunitazama. Daktari amenirudisha nyumbani na kila mtu anajua maana yake. Nikaomba radhi. Ni desturi yetu, mgonjwa wa namna yangu huomba radhi, na waliokuja husema wamesamehe, na hakuna anayeuliza kosa lenyewe. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Nilijua hivyo. Niliitegemea adabu yao.

Bi Zuhura alikuja na bandeji yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kaniletea chapati mbili laini, zilizokatwa vipande vidogo. Nikamwambia, "Bi Zuhura, kama nimekukosea, nisamehe." Akanishika mkono. "Wewe umenikosea nini, mzee mzima? Nimekusamehe duniani na akhera. Ukinitangulia, waambie kule Zuhura anakuja na jicho moja, wasinishangae." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Walipoondoka nilijaribu kufurahi. Nimesamehewa, mashahidi wapo. Sikuweza. Nimemwibia mama yule mara mbili, kwanza jicho, sasa msamaha wake.

Sikuzila chapati.

Jumapili, 16 Februari

Pumzi fupi. Nimelala nimekaa.

Nimejiambia kwamba nikisema, Rukia ataaibika. Kwamba Shirima bado kijana, biashara itarudi. Kwamba nina wiki chache, niachwe nife na heshima yangu. Nimeyapanga vizuri kama mawakili watatu. Hakuna hata mmoja anayenitazama usoni.

Jumatatu, 17 Februari

Imekwisha. Niandike leo leo.

Mwenyekiti alisoma sentensi zangu nne kwa sauti. Rukia alikuwa anaitikia kila moja kwa kichwa. Akataka Shirima atamke mbele ya watu kwamba aliuza kitu kibovu. Shirima aliinamisha uso. Halafu akasema, "Kama mzee kaandika hivyo, mie nakubali. Mzee hawezi kunionea."

Hapo nikashindwa. Si kwa ushujaa. Nilishindwa tu kuendelea.

Nikasema niliidondosha mimi. Nikasema gundi, penseli, kisu. Nikasema pia nilivyomsikia Rukia akiimba na nikanyamaza. Mwenyekiti alinisogelea akidhani nimepandwa na homa, akataka kunipa maji. Nikamwambia alete droni, nikaonyesha mikwaruzo ya kisu. Akaacha kutabasamu.

Rukia hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Ijumaa nilipokuwa nachaji betri, ulikuwa macho?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje.

Shirima alisema, "Asante, mzee." Hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Bi Zuhura alibaki wa mwisho. Alisimama, hakukaa kitandani. "Ile radhi niliyokupa Ijumaa naichukua. Ulinidanganya nikaitoa. Nikiwa na nyingine nitakuletea, nisipokuwa nayo usinitumie mtu." Nikamwambia ni haki yake. Akajitanda khanga yake vizuri juu ya bandeji, akaenda.

Jumanne, 18 Februari

Rukia kanipa vidonge. Akatoka.

Adhuhuri nilisikia sauti yake uani, anarekodi kwenye simu. Alirudia mara tatu, akikosea na kuanza upya. Alisema jina lake, jina la Shirima, kwamba alimsingizia, kwamba droni ilikuwa na ufa uliofichwa nyumbani kwake. Hakusema nani aliuficha. Nikamwita kwa nguvu niliyokuwa nayo. Nikamwambia ataje. Alisimama mlangoni akanitazama. Akarudi uani, akarekodi mara ya nne, akalitaja jina langu.

Jumatano, 19 Februari

Nimelala mchana kutwa. Bandeji ya Bi Zuhura imetolewa. Rukia kapata habari kisimani. Mwanga anauona, watu anawaona kama kwa kupitia chandarua. Daktari anasema huenda ikaongezeka, huenda isiongezeke.

Ijumaa, 21 Februari

Watu hawakuja leo baada ya swala. Wawili tu. Sikuomba radhi kwa yeyote. Nimewaambia wanisomee dua tu.

Rukia kaninyoa ndevu. Alinishika kidevu taratibu, akanigeuza kushoto, kulia. Alipomaliza aliufuta wembe muda mrefu. Kisha akasema Shirima kampigia, kuna kazi ya picha wiki ijayo, ya kamera ya mkononi. Nikasema vizuri. Akasema ndiyo.

Alasiri nilimsikia Bi Zuhura mlangoni. Alimuuliza Rukia kama nimekula. Rukia akasema kidogo. Hakuingia. Ningeweza kukohoa, angelazimika kunisalimia. Nikaizuia pumzi nisimlazimishe. Kisha malapa yake yakaondoka, yakipita nyumba moja, ya pili, na mlango wake ukafungwa.