Mafuta ya Kondoo Kooni mwa Kanini

Jumanne, 15 Julai

"Mbwa akikohoa hivyo ni mfupa umekwama, na dawa yake ni mafuta ya kondoo." Maneno ya jirani yangu, Baba Njeri, kutoka upande wa pili wa ua, nikiwamwagia kuku mahindi. Upuuzi. Mbwa aliyekwamwa na mfupa hali chakula. Kanini, mbwa wangu, amemaliza uji na kulamba sufuria. Na ni mfupa gani huo unaotoka mchana na kurudi kila nikiwasha jiko? Nilimwuliza. Akasema, "Mama Muthoni, wewe hata kikohozi ya mbwa unataka kushinda kwa mdomo."

Sikucheka. Kanini akikohoa analia kama bata bukini. Naogopa.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Mbuzi walipita barabarani, Kanini akaruka, kamba ikamkaba shingo. Akasimama miguu imetanuka, akivuta hewa isiyoingia. Ulimi ukawa zambarau. Akaanguka kwenye nyasi. Nilidhani amekufa. Pumzi ikarudi.

Miaka yote hii nimeandika magazetini nikiwakejeli watu waoga. Leo mwoga ni mimi: nimempigia simu daktari.

Ijumaa, 18 Julai

Daktari wa mifugo amekuja kutoka Wamagana, buti zimejaa matope ya zizi. Kazi yake hasa ni ng'ombe. Alimbonyeza Kanini koo kidogo tu, kikohozi kikaja. Si mfupa. Bomba la hewa limelegea. Pete zinazolishikilia zimekuwa laini, kwa hiyo akivuta pumzi kwa nguvu linajibana. Huwapata sana mbwa wadogo. Halitapona, ila litatulizwa: mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni, moshi marufuku, apungue unene, dawa ya kikohozi. Na asilazimishwe kumeza kitu akikohoa.

"Akishtuka ndio inazidi, mama," alisema. "Na anashtuka akikuona wewe umeshtuka."

Nilikasirika. Ni kweli.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda kanisani, nikamwachia Baba Njeri ufunguo wa lango. Nilimweleza habari ya mkanda. Nilimweleza habari ya moshi. Mafuta sikuyataja, nilidhani ubishi ule niliushinda Jumanne.

Nimerudi nikamkuta amepiga magoti uani, Kanini mapajani, kijiko mkononi. Manyoya ya kidevu yanang'aa mafuta. Kanini alikohoa vibaya, anasema, na yeye hangekaa akitazama tu. "Watoto wangu wote nimewapa hii. Hakuna hata mmoja alikufa."

Nilitaka kumrarua. Nikaona analia.

Daktari kwenye simu: mafuta yakiingia mapafuni ni hatari. Anakuja.

Jumatatu, 21 Julai

Homa. Kanini alidungwa sindano jana, na nyingine leo. Pumzi fupi fupi, na ndani sauti kama uji unaochemka. Hataki kulala ubavu. Amekaa tu, shingo juu. Jiko nimelitoa nje. Nimejifunika blanketi mbili na bado baridi.

Nina hoja ya kila kitu duniani. Leo nahesabu pumzi za Kanini tu.

Baba Njeri amefika langoni, akasimama, akarudi kwake. Sikumwita.

Jumatano, 23 Julai

Hajala. Daktari hasemi atapona, hasemi hatapona. Nimeanza kuchagua pahali pa kumzika chini ya mparachichi. Nimejichukia kwa kuchagua.

Ijumaa, 25 Julai

Homa imeshuka. Amekula maini kidogo kiganjani mwangu, kisha akalala ubavu, mara ya kwanza wiki hii. Bado anakoroma. Atakoroma maisha yake yote.

Baba Njeri amekuja, safari hii nikamfungulia. Tumekaa kibarazani. Kanini alipokohoa, aliinua mkono, akautazama, akaurudisha gotini. Mimi ndiye niliyemwekea Kanini kiganja kifuani hadi akatulia.

Haya nitayapeleka gazetini. Baba Njeri, na ninyi nyote wa kijiji chetu cha Ruring'u mliolelewa kwa mafuta hayo kama nilivyolelewa mimi: mnyama anayetafuta pumzi, msimfungue mdomo. Mshikeni kifua. Ongeeni naye polepole. Mwiteni daktari.